Kengele ya Ng'ombe Mlangoni

Kama uko jikoni unasonga ugali, endelea kusonga, sogeza tu redio karibu. Kama ndiyo kwanza unaingiza ng'ombe zizini, nitakusubiri. Leo sina habari ya mjini. Nina habari ya mlango mmoja wa mbao huko Gorong'a, upande ule wa Tarime unaoelekea hifadhi ya Serengeti, nyumbani kwa bibi yangu.

Mlango huo umefungwa kengele. Nasema kengele ya ng'ombe, ile ya bati zito yenye ulimi wa chuma, ambayo zamani ilining'inia shingoni mwa fahali wa babu. Imefungwa kwa ndani, kwa kipande cha kamba ya katani, juu kidogo ya komeo. Ukiugusa mlango kwa kidole, inalia. Usiku wa kwanza nilipolala pale nilishtuka saa nane, nikadhani wezi wa mifugo wameingia. Nikapapasa tochi. Nilipotokea sebuleni nilimkuta bibi amesimama kizingitini, kanga mabegani, ndoo tupu mkononi. Anakwenda kuteka maji mtoni. Mto aliokuwa akiutaja uko kwao alikozaliwa. Aliuacha siku alipoolewa, na leo wajukuu zake wana watoto.

Kabla sijafungua kinywa, mama mdogo alikwishatoka chumbani na taa. Hakumwambia bibi kwamba ni usiku. Hakumwambia kwamba mto huo uko mbali. Alimwambia, "Twende, mama, giza hili usiende peke yako." Wakatoka wawili, wakalizunguka zizi, wakapita nyuma ya ghala la mahindi, wakarudi kwa mlango uleule. Mama mdogo akachota kata moja ya maji pipani, akaimimina ndani ya ndoo. "Haya, tumeshateka." Bibi akaiangalia ndoo, akaridhika, akarudi kulala. Haikupita saa, kengele ikalia tena.

Ninayemwita mama mdogo si binti wa bibi, wala si mke wa mtoto wake wa kumzaa. Bibi alikuwa mke wa pili wa babu na alijaliwa mabinti watupu. Kwa mila yetu Wakurya, nyumba isiyo na mtoto wa kiume ina njia yake. Bibi alitoa ng'ombe, akaoa. Ninyi wa Tarime na Serengeti mnaijua nyumba ntobhu, haina haja ya maelezo. Ninyi mnaonisikiliza kutoka mbali, ni hivi: mwanamke mtu mzima anamlipia mahari mwanamke kijana, kijana anazaa, na watoto wanahesabiwa wa nyumba ya yule mwenye ng'ombe. Mkamwana wa mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa. Ndoa hizi zina mazuri yake na zina maumivu yake, hasa kwa mabinti waliopelekwa wakiwa wadogo mno, na siku moja nitaziongelea peke yake. Leo nawaomba mshike jambo moja tu: mtu anayeamka kengele inapolia ni huyu.

Miaka kadhaa sasa bibi anasahau. Alianza kwa kusahau chumvi kwenye mboga. Akaja kusahau kama amekula, akawa anawaambia majirani kwamba ananyimwa chakula, na majirani wakaanza kumtazama mama mdogo kwa jicho la pembeni. Baadaye akayasahau majina ya wajukuu. Cha ajabu, ukimuuliza esaro yao, rika waliotahiriwa naye, anakutajia. Anakueleza rangi ya kila ng'ombe aliyetolewa kwa mahari yake, dume na jike, na yupi alikufa njiani. Ya miaka 60 iliyopita yamesimama wima. Ya asubuhi hii yameyeyuka.

Walimpeleka kwenye kituo kimoja cha tiba. Sitakitaja, kwa sababu ninaamini jibu walilopewa ndilo linalotolewa katika vituo vingi. Wazee wana dirisha lao, na bibi hakukaa foleni. Hilo lilitendeka vizuri. Aliyemwona alimpima presha, akamuuliza kama anaumwa mahali. Bibi akasema haumwi. Mama mdogo akajaribu kueleza habari za usiku. Akajibiwa, "Mama, huo ni uzee tu." Akapewa vidonge vya maumivu na vya vitamini, wakarudi nyumbani kwa pikipiki, bibi katikati, mama mdogo nyuma amemkumbatia kiuno.

Ndugu msikilizaji, neno hilo, uzee tu, ndilo lililonileta kwenye kipaza sauti leo.

Uzee si ugonjwa. Mzee hupunguza mwendo, hutafuta miwani iliyo kichwani, husahau jina la mtu na kulikumbuka akiwa njiani kurudi nyumbani. Hayo ni ya umri. Mzee anayepotea katika kitongoji alichokaa miaka 50, asiyejua kama ni usiku au mchana, asiyeweza tena kuvaa nguo kwa mpangilio, huyo anaumwa. Ubongo wake unaugua kama moyo unavyougua, au figo. Wataalamu wanaita demensia, na chanzo chake kinachoonekana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, unaobeba jina la daktari wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1906. Kingine ni mishipa midogo ya damu kichwani kuziba kidogo kidogo, ambayo presha na kisukari visivyotibiwa huiharakisha. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na hali hii, na zaidi ya 60 kati ya kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani wako kwetu. Anayedhani huu ni ugonjwa wa Wazungu kwa kuwa una jina la Kizungu amedanganyika.

Na hapa kwetu umehesabiwa. Mwaka 2010, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwafuata vijijini wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Walipomaliza hesabu na kuzirekebisha kwa umri, waliona kwamba kati ya wazee 100 wa umri huo, sita hadi saba wana demensia. Chukua kijiji chako. Wahesabu wazee waliopita miaka 70. Utawapata hao wachache, na ukiwaza vizuri huenda unawajua kwa majina, ila kijijini wana jina jingine: amerudi utotoni, ana wazimu wa uzeeni, amerogwa. Au anaroga.

Hilo la mwisho tusilipite kwa haraka. Mwanamke mzee, macho yamewiva kwa miaka ya moshi wa kuni, anakutwa alfajiri uani kwa jirani, hana nguo, hawezi kueleza amefikaje. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa mama wa namna hiyo ameshauawa, si mmoja. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, na sheria hiyo haijawahi kumpima mtu ubongo. Mama mdogo aliponieleza kwa nini aliifunga ile kengele, hofu yake ya kwanza haikuwa mto, wala tembo wanaotoka hifadhini kuvamia mashamba. Alisema, "Naogopa atakutwa kwa watu."

Sasa niingie kwenye sheria, maana ndiko tunakokwenda.

Novemba 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Safari yake ilikuwa ndefu. Muswada ulifikishwa bungeni mwaka 2022, ukaleta mjadala mkali, ukarudishwa kufanyiwa kazi, ukaletwa tena. Kabla yake tulikuwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliotokana na sheria ya 1999 na ulioanza na watumishi wa serikali. Tulikuwa na CHF, mfuko wa afya ya jamii uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, na ile iliyoboreshwa ambayo kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Sheria mpya inasema kila mkazi awe na bima, na asiye na uwezo alipiwe kutoka mfuko maalumu unaokusanya sehemu ya kodi za vitu kama soda, pombe na michezo ya kubahatisha. Katika kampeni za 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kuanza utekelezaji ndani ya siku 100, wazee wakiwa miongoni mwa watakaotangulia. Ni jambo kubwa. Tumeuza ng'ombe wengi kwa ajili ya bili za hospitali katika mkoa huu, na anayeibeza sheria hiyo hajawahi kushika kamba ya ng'ombe anayepelekwa mnadani ili mtoto atolewe wodini.

Na wazee hawakuanza kukumbukwa juzi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliweka umri wa miaka 60 na kutamka kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure. Dirisha la wazee, vitambulisho, matangazo ya kumpisha mzee kwanza, yote yametoka huko.

Lakini tazama jinsi huo msamaha wa malipo na bima vinavyofanya kazi. Vyote viwili vinamngoja mgonjwa mlangoni mwa hospitali. Umefika, umeandikishwa, umemwona daktari, umepimwa, umepewa dawa, umelazwa: kila hatua ina bei katika kitita cha mafao, na bima inailipa. Kwa malaria ni sawasawa. Kwa upasuaji wa kujifungua ni sawasawa. Demensia haijengi nyumba hospitalini. Zipo dawa zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa kwa kiasi fulani. Tiba ya kuuondoa haijapatikana hata kwa matajiri. Matibabu yenyewe, yale yanayomfanya mgonjwa aishi kwa heshima na usalama, ni kumlisha, kumwogesha, kumbadilisha nguo, kumfuata anapotoka, kumjibu swali lilelile mara 20 bila kumkaripia. Hayo yanatendeka uani, na mtendaji wake hana koti jeupe.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 demensia iliigharimu dunia dola trilioni 1.3. Karibu nusu ya gharama hiyo ni kazi ya ndugu na jamaa wasiolipwa, wastani wa saa tano kila siku kwa mgonjwa mmoja, na saa 70 kati ya kila 100 hutolewa na wanawake. Nilipoisoma hesabu hiyo nilimwona mama mdogo ndani yake. Yeye tano zake huzimaliza kabla ya jua kuwa utosini. Shamba lake la wimbi mwaka juzi halikupaliliwa mara ya pili. Mnadani haendi. Kwenye kikundi cha kuweka na kukopa aliondoka, kwa kuwa vikao ni mchana na bibi haachiki. Mtoto wa mwisho wa nyumba ile, binti, kuna siku anabaki nyumbani kumlinda bibi badala ya kwenda shule. Zote hizo ni gharama za ugonjwa, msikilizaji. Hakuna risiti hata moja.

Kwa hiyo swali langu kwa wanaoandika kanuni na wanaopanga kitita halihusu kama mzee atatibiwa. Atatibiwa. Nauliza, je, bima ya afya inamjua anayemtunza?

Nianze na karatasi. Kwa utaratibu wa NHIF tuliouzoea, mwanachama anaandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, ambao wanaweza kuwa watoto, wazazi wake au wakwe. Chukua mwalimu wa shule ya msingi, binti wa bibi. Ana watoto watatu. Nafasi imebaki moja. Wazazi wa mume wapo wawili, na mama yake mwenyewe yupo. Nani aandikwe? Nimewaona watu wazima wakikosana kwa sababu ya nafasi hiyo moja, na waliokosana hawakuwa watu wabaya.

Tuseme bibi ameandikwa. Ana kadi. Mama mdogo naye? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo yeye si mwenza wa bibi. Si mtoto wake. Si mkwe pia, kwa kuwa hakuna mtoto wa kiume aliyemuoa. Ng'ombe walitoka, ukoo ulishuhudia, wazee wa inchama, baraza letu la mila, wanamtambua, watoto wanaitwa kwa jina la nyumba ile. Kwenye fomu hana mstari wa kukaa. Ikija siku serikali ikasema, "Tutamwezesha mwenza au mtoto anayemtunza mgonjwa," watakaonufaika ni mabinti walioko Mwanza na Dar es Salaam, ambao huja Desemba, wakamkuta mama amependeza, amesukwa nywele, wakapiga naye picha.

Siombi nyumba ntobhu ihalalishwe kwa mlango wa nyuma wa bima. Ninachosema ni kwamba sheria ya bima haina haja ya kuuliza nani ni ndugu wa nani ili imjue mtunzaji. Iulize nani anaamka usiku. Mwenyekiti wa kitongoji anajua. Balozi anajua. Afisa ustawi wa jamii akija mara moja na kuuliza majirani watatu, atajua kabla hajamaliza uji aliokaribishwa.

Wengine wameshaipitia njia hii na wakajikwaa, tuwatazame walipojikwaa. Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995, mbali na bima ya matibabu. Fedha inaweza kumlipa hata ndugu anayemtunza mgonjwa nyumbani. Ila walipima mahitaji kwa mwili: anaweza kunawa, anaweza kula, anaweza kupanda kitandani? Mzee wa demensia mwenye miguu imara, anayetembea usiku kucha na kuacha jiko linawaka, alionekana hahitaji msaada mkubwa. Familia zililalamika miaka na miaka. Ni Januari 2017 tu ndipo vipimo vilipobadilishwa kabisa, akili na kumbukumbu vikawekwa kwenye mizani moja na mwili. Miaka zaidi ya 20 ya kumpima mtu kwa miguu huku anaumwa kichwa. Japani ilianza bima yake ya matunzo mwaka 2000. Miaka minne baadaye serikali ikalifuta hata neno la zamani la ugonjwa huu, kwa kuwa lilikuwa linamdhalilisha mgonjwa, ikatafuta jipya. Huko Marekani kila jimbo linahangaika kivyake; jimbo la Washington linakata wafanyakazi sehemu ndogo ya mshahara tangu Julai 2023, ili anayehitaji matunzo alipiwe hadi dola 36,500 katika maisha yake, na fedha hiyo inaweza kumlipa ndugu aliyeacha kazi ili amtunze.

Mtaniambia hao ni matajiri. Ni kweli. Basi twendeni Zanzibar, ambako si Ulaya. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 kule anapata pensheni ya kila mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Ilianza na shilingi 20,000. Hakuna aliyetajirika kwa fedha hiyo. Lakini mzee mwenye chochote cha kuingiza ndani ya nyumba, hata akisahau jina la mkamwana, mkamwana hakosi sabuni ya kumfulia. Bara bado hatuna pensheni ya wazee wote.

Na kuna mambo mengine ambayo hayahitaji utajiri wowote. La kwanza ni kuutambua ugonjwa. Wale watafiti wa Hai walikutana na tatizo: vipimo vilivyotoka ng'ambo vinamtaka mtu achore saa, aandike sentensi, ahesabu kurudi nyuma. Bibi hakuwahi kushika kalamu. Ukimpa kipimo hicho atashindwa, na atakuwa ameshindwa shule, si kumbukumbu. Wakatengeneza kipimo kifupi cha maswali sita, kwa ajili ya wazee wa Afrika ambao hawakusoma. Kwa Kiingereza kimepewa jina la IDEA. Unamuuliza leo ni siku gani. Nani kiongozi wa kijiji. Daraja ni kitu gani. Akutajie wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Umsomee maneno, uone baadaye anayakumbuka mangapi. Na mwisho unachukua njiti za kiberiti, unazipanga mbele yake kwa umbo fulani, unampa njiti zake, naye apange kama zako.

Njiti za kiberiti! Kila nyumba ya Gorong'a ina kiberiti. Kipimo hiki hakitoi jibu la mwisho, kinamchuja tu anayestahili kuonwa na daktari. Lakini anayekitumia anahitaji kufundishwa tu, na hao watu wa kufundishwa tunao. Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, 137,294 kwa miaka mitano, wawafikie watu majumbani. Mhudumu huyo anaingia uani kumuuliza mama mjamzito kama amehudhuria kliniki. Bibi amekaa hapohapo chini ya mti. Mkobani mwake aongezewe kiberiti kimoja na mafunzo yake.

Kwa nini nasisitiza kutambua, ilhali tiba hakuna? Kwa sababu si kila anayechanganyikiwa ana demensia. Mzee anaweza kuvurugika akili kwa siku mbili kwa malaria au maambukizi ya mkojo, akatibiwa, akarudi kuwa yeye. Anaweza kuwa hasikii, tukadhani haelewi. Anaweza kuwa na mtoto wa jicho, upungufu wa vitamini, au tezi ya shingo isiyofanya kazi. Hao wanatibika, na kwa neno lile la "uzee tu" tunawazika wakiwa hai. Jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayochangia demensia na kusema karibu visa 45 kati ya 100 vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa: presha, kisukari, pombe iliyozidi, kukosa shule utotoni, kutosikia, kutoona, kuumia kichwa. Sikiliza hilo la kichwa, wewe mura unayeendesha bodaboda bila helmeti kutoka Nyamwaga kwenda Nyamongo huku unanisikiliza kwenye simu. Kichwa unachokipigisha chini leo ndicho utakachozeeka nacho.

La pili ni rufaa. Mzee aliyetambuliwa zahanati anahitaji daktari wa akili au wa mishipa ya fahamu, na huko ni mbali. Musoma kuna hospitali ya Kwangwa iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere. Zaidi ya hapo ni Bugando, Mwanza. Kumpandisha bibi basi, kuvuka Daraja la Kirumi, kulala kwa watu, na yeye kila baada ya robo saa anauliza tunakwenda wapi, si jambo la kumtakia mtu. Nauli ya mgonjwa ni tatizo, na nauli ya wa kumshika mkono ni tatizo jingine lililosahauliwa. Kitita kikilipia kipimo kule mwisho lakini kikamwacha mtunzaji atafute nauli yake, kipimo hicho kitabaki kwa wakazi wa mjini.

La tatu ni mapumziko ya mtunzaji, na hapa ndipo ninapowaomba wabunge wetu, wa Tarime na wa Serengeti, walibebe. Mganga akichoka kuna zamu. Muuguzi akimaliza usiku anapokelewa na mwenzake. Mtunzaji wa nyumbani hana wa kumpokea. Bima ikimlipa mhudumu wa jamii akae na mgonjwa siku moja kwa wiki, ni fedha ndogo kuliko kitanda cha wodini, na itaokoa vitanda viwili: cha bibi atakayeanguka na kuvunjika nyonga asipoangaliwa, na cha mama mdogo atakayeanguka kwa presha. Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Lakini anayeupika huo uji aulizwe basi, hata mara moja.

Mimi nilimuuliza. Jumapili iliyopita nilimpigia simu, nikamwambia nitazungumza redioni habari za bima, angependa sheria imfanyie nini. Nilitegemea ataje fedha. Alinyamaza kwanza, nikadhani mtandao umekata.

"Usiku mmoja," akasema. "Mtu aje akae naye usiku mmoja, anayejua kumjibu vizuri, asimfokee. Nilale mpaka jua litoke. Tangu mtoto wa mwisho aanze shule sijalala mpaka jua likatoka."

Nikamuuliza mtoto yuko darasa la ngapi.

"La sita."

Nilitaka kusema kitu, lakini nyuma yake nikasikia mlio niliokuwa nikiujua, bati zito na ulimi wa chuma. Hakukata simu. Aliiweka juu ya kitu, meza nafikiri, kwa kuwa nilisikia kandambili zake zikienda mbali, kiberiti kikiwashwa, kisha sauti yake mlangoni.

"Ngoja, mama. Ngoja nichukue taa."